Onyo Nililoandika kwa Kiswahili

Ujumbe wa Naliaka ulinikuta kwenye foleni ya duka la Wahabeshi pale Silver Spring, mkono mmoja nina kifuko cha iliki, mwingine nina unga wa mahindi. Aliandika kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku, maneno machache tu: baba amefariki jana, Bungoma, Jumamosi saa nane mchana tunakutana kwangu kumwombea, tafadhali uje, anti Rukia. Nilisoma mara ya kwanza nikasema innalillahi. Nilisoma mara ya pili nikaona ameniita anti, na hapo nikauweka unga chini, juu ya makatoni ya maji, nikatoka bila kununua kitu. Mwenye duka akaniita nyuma yangu, "Mama, vipi?" nikampungia mkono tu. Huyo mtoto ana haki ya kuniita jina lolote alitakalo, lakini anti? Sikuwa nimezungumza na baba yake tangu walipopanda ndege kurudi Kenya, Naliaka akiwa na miaka kumi na saba, na sababu ya kupanda ndege ile nilidhani tuliokuwa tunaijua ni wawili tu, na sasa nimebaki mimi.

Sitaeleza nimezaliwa na nani wala nilifikaje Marekani. Hayo wenzangu wanayasimulia vizuri zaidi, na hadithi zetu hapo zinafanana. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo mistari miwili mitatu niliyoiandika mwenyewe kwa vidole hivi. Watu wanaonijua watakwambia nina ulimi, na kweli ninao. Mimi mtu wa Tanga bwana, nimewahi kujibizana na polisi wa barabarani kwenye Beltway mpaka akacheka akanirudishia leseni. Lakini siku moja ulimi ulipotakiwa ufanye kazi yake, ulilala. Nimekuwa nikisema sana tangu wakati huo, pengine ili nisisikie ule ukimya.

Ofisi yetu ilikuwa Falls Church, kando ya Route 7, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa na duka la magodoro chini. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kulikuwa na zulia la kijivu lililonuka kahawa ya jana, na jiko dogo lenye meza ya watu wanne, ambalo kwangu ndilo lilikuwa ofisi yenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu. Siku ya pili au ya tatu nilikuwa pale jikoni nikimgombeza mtu kwenye simu, kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa, mara jitu refu lenye sweta la kijani likasimama mlangoni likitabasamu. "Wewe ni wa Tanga ama Mombasa?" akauliza. "Hiyo kugombana yako ni tamu sana." Huyo ndiye Wafula. Mbukusu wa Bungoma, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mpole mpaka unakereka. Sweta lile alilivaa kuanzia Oktoba hadi Aprili. Nikamwita kaka Wafula tangu siku ile, na mkewe, aliyekuwa akilea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Virginia, nikamwita Mama Naliaka kama walivyomwita wote.

Kila mchana tulikula pamoja. Yeye alileta ugali uliofungwa kwenye karatasi ya fedha, na majani mapana ya kolardi aliyoyakatakata na kuyakaanga yakawa sukuma wiki, akaapa kuwa hayana tofauti na ya kwao. Mimi nilileta wali wa nazi na samaki. Wiki ya pili Denise, bosi wetu, akabandika karatasi juu ya mikrowevu: tafadhali, samaki hapana. Hakutaja jina, lakini mtu wa samaki alikuwa mmoja. Nikala samaki baridi mwezi mzima kwa hasira, na Wafula akawa ananicheka. Ni pale mezani nilipojua mambo yao. Visa yake ilikuwa ya kampuni, na kampuni ndiyo iliyowaombea grini kadi, yeye na mke na binti. Huo ulikuwa mwaka wa sita wanangoja. Kazi ikikatika, visa imekatika na maombi yamekufa. Naliaka alikuwa anamaliza sekondari mwaka ule na alikwisha kubaliwa chuo. "Tumebakisha kidogo tu," Wafula alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. Mimi grini kadi yangu niliipata kwa bahati nasibu. Ningefukuzwa kazi leo, kesho ningetafuta nyingine. Hilo nililijua vizuri, kwa hiyo nisijifanye.

Sasa kazi yenyewe. Tulitengeneza tovuti ya kupangia magari wagonjwa wa figo, wale ambao lazima wapelekwe kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Nyumba za wazee ziliingia humo kuomba gari, kubadilisha saa, kufuta safari. Ile aliyofanyia kazi Mama Naliaka ilikuwa mojawapo, na Wafula alijivunia sana jambo hilo. Nyuma ya kila ukurasa wa tovuti kuna kipande cha programu kinachopokea ombi la mtu na kuamua lishughulikiweje. Wenye kazi tunakiita kontrola. Kontrola zetu zote zilirithi kutoka kwa moja, tukaiita kontrola mama. Mama ana kazi zake, tunaziita methodi, na watoto wanazipata bila kuziandika tena. Kwa kila methodi ya mama inabidi uamue: mtoto aruhusiwe kuiandika upya anavyotaka, au ifungwe, aitumie ilivyo apende asipende? Ukiiacha wazi, mtoto mwema ataandika yake na ndani yake atamwita mama naye afanye sehemu yake. Lakini hakuna anayemlazimisha. Akisahau kumwita, kazi ya mama haifanyiki, na kompyuta haisemi neno. Mtu wa nje ataona ni mambo ya kitoto, lakini nimeona watu wazima wenye wajukuu wakinuniana wiki nzima kwa ajili yake.

Methodi tuliyogombania sisi ilikuwa ile ya taarifa. Safari yoyote ikifutwa, methodi hiyo ilipeleka habari kwenye nyumba ya wazee: gari haliji, tafuteni njia nyingine. Wafula alitaka ifungwe.

"Kitu ambayo lazima ifanyike kila saa, usimwachie mtu nafasi ya kuisahau," alisema, akimega tonge. "Tufunge. Kama wako na yao ya kuongeza, tuwawekee kamethodi kadogo tupu hapo katikati, wajaze. Lakini hii ya taarifa hawagusi."

"Kaka, Virginia wana taratibu zao, Maryland zao, D.C. zao. Ukifunga, kila wakitaka kubadili kitu watakuja kutupigia magoti. Sisi nani, mabawabu?"

"Afadhali wakuje."

"Hawa ni watu wazima, wamesoma. Waamini."

"Mimi nawaamini. Si nazungumza juu ya kusahau? Mtu mwaminifu pia husahau."

Tulibishana hivyo siku tatu, wali ukipoa. Ukiniuliza leo nitakwambia alikuwa na haki, toka neno la kwanza. Lakini mwaka ule nilikuwa nimechoshwa na milango iliyofungwa. Mikutanoni nikisema jambo lilianguka chini, Brian akilirudia dakika mbili baadaye linaokotwa na kusifiwa. Brian alikuwa kijana wa Ohio, mwenye adabu zake, wala hakuwa na habari kama anafanya hivyo. Nikaona hapa angalau pana kitu kimoja ninachoweza kukiacha wazi kwa mkono wangu. Wafula aliyaona hayo yote. Alikuwa mtu wa kuona. Siku ya nne aliweka kijiko chini akasema, "Haya, wacha iwe yako. Lakini uandike onyo juu yake. Kubwa. Mtu asipite bila kuiona." Nilishinda, na ushindi wenyewe nilipewa kwa huruma. Nilifurahi hata hivyo.

Hapa sharti nieleze mchezo wetu. Ndani ya programu mtu huandika maelezo kwa ajili ya mwenzake, maneno ambayo kompyuta inayaruka tu. Sisi wawili tulikuwa tunaandikiana kwa Kiswahili. Tulianza kwa utani, methodi moja mbovu ya Brian nikaiandikia juu yake "hapa pana jini, pita kwa bismillah," na Wafula akanijibu chini yake kwa Kiswahili chake cha Bungoma. Mchana ukiwa mrefu, maandishi yale yalinifanya nione niko kwetu. Ijumaa, kabla ya programu kutoka, tuliyapitia yote tukayageuza Kiingereza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, ya watu wawili, haikuandikwa popote, na Denise hakujua kama ipo. Wiki ile skrini yangu ilikuwa imekufa, nikawa natumia kompyuta ya Wafula, kwa jina la Wafula. Nikaandika onyo kwa herufi kubwa, nikicheka: WEWE UTAKAYEPITA HAPA, MWITE MAMA KWANZA. UKIMSAHAU MAMA, WAGONJWA WATABAKI WANANGOJA. SHAURI YAKO. Wafula aliinama nyuma ya bega langu akasoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Shauri yako," akarudia. "Hiyo utageuza Ijumaa?" Nikasema nitageuza.

Ijumaa ile ilikuwa ya kuelekea Idi. Nilikuwa na mchele wa kuchambua na nguo ya kuchukua kwa fundi, akili ilishafika nyumbani. Nikapita haraka haraka nikigeuza, saa nane nikasimama. "Yote nimemaliza, kaka." Kwa utaratibu wa ofisi, programu haikutoka mpaka mwingine aisome na kutia sahihi kwenye karatasi. Akaniambia, "Enda Idi yako, mimi naweka sahihi." Akaweka bila kuangalia, kwa sababu ni mimi niliyesema nimemaliza. Yeye, wa "tufunge," alinifanyia kile kile alichokuwa akikikataa mezani: alimwachia mtu nafasi ya kusahau. Nilikuwa nimegeuza yote isipokuwa lile onyo.

Theluji kubwa ilishuka Januari. Jumapili nilikuwa nimekwenda Woodbridge kula kwa kina Wafula, barabara ya I-95 ikafungwa, nikalala kwenye sofa. Jumatatu asubuhi shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, nje kumekuwa pamba tupu, na sisi tuko jikoni: Wafula, mimi, na Naliaka aliyekuwa akila nafaka na maziwa, ameweka visikizio masikioni. Mama Naliaka alikuwa kazini tangu jana yake, wa kumpokea zamu alishindwa kufika. Nilikuwa nakaanga mandazi simu ilipolia, Wafula akaiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Baba Naliaka, hizi gari zenu ziko wapi? Niko na wazee wanne hapa mlangoni wamevaa makoti tangu saa kumi na mbili."

"Gari? Na hii theluji? Si zimefutwa."

"Zimefutwa na nani? Hakuna mtu ametuambia kitu. Wale wa jirani waliambiwa na kampuni ingine ya magari kwa simu, wakaitiwa magari ya dharura ya kaunti. Sisi tumekaa tu. Huyu mzee wa kofia nimemwambia avue koti akunywe chai, amekataa. Anasema akivua, gari itakuja imwache."

Wafula akafungua kompyuta pale pale, kati ya unga na bakuli la mandazi. Wiki iliyotangulia Brian alikuwa ametengeneza ukurasa mpya wa siku za theluji, wa kufuta safari zote za kutwa kwa mara moja. Ule ukurasa ulikuwa na kontrola yake, na ile kontrola ilikuwa imeiandika upya methodi ya taarifa. Mama hakuitwa. Safari zikafutwa, habari hazikwenda. Nikiwa nyuma ya bega lake, safari hii mimi ndiye niliyeinama, nikaona herufi kubwa juu ya methodi ya mama, na nikasoma maneno yangu mwenyewe. Nikasema, "Ni mimi, kaka. Sikuligeuza." Hakugeuka. Alisema tu, "Zima hayo mafuta kwanza, yanaungua." Tukapiga simu nyumba za wazee moja baada ya nyingine mpaka saa saba. Magari ya dharura yalikuwa yamekwisha gawiwa. Wale wanne walikosa siku ile, wakakosa na kesho yake, na Jumatano mzee wa kofia akachukuliwa na ambulansi, mapafu yamejaa maji. Hakufa. Lakini Mama Naliaka alisema mzee hakurudi pale tena, na kofia yake ilikaa kwenye kiti cha mlangoni hadi mtu akaiondoa.

Kikao kilikuwa Alhamisi asubuhi. Kabla ya kuingia Wafula aliniambia kwenye ngazi, "Tutaeleza pamoja, pole pole." Nikaitikia. Denise alikuwa ameurusha ukurasa ukutani, maandishi yangu yana urefu wa mkono. Brian alikuwa mweupe kama karatasi. Alisema aliyaona, lakini alidhani ni maneno ya kujaribia tu, yasiyo na maana. Kama angeelewa, asingegusa. Nilimwamini. Denise akauliza, kwa sauti ya chini, nani ameandika hiki, na kinasema nini. Jina lililokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni la Wafula. Sahihi iliyokuwa kwenye karatasi ni ya Wafula. Jina langu halikuwapo popote.

Wafula alinitazama. Nataka niseme ukweli kuhusu hapo, maana kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba alijibu haraka, akanikinga kabla sijafungua kinywa. Si kweli. Alingoja. Nilisikia mashine ya joto ikiunguruma, nikasikia mlango wa duka la magodoro ukifunguliwa na kufungwa chini yetu. Nilikuwa na muda wa kusema sentensi nzima, na nyingine ya kuieleza. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kulipamba: niliogopa kufukuzwa, niliogopa sura ya Denise, niliogopa Brian aje ajue kwamba ni mimi. Nikaangalia mikono yangu. Ndipo Wafula akasema, "Ni lugha yangu, ni jina langu. Mimi ndiye nilisoma nikaweka sahihi." Kisha akatafsiri lile onyo neno kwa neno, mpaka shauri yako, na hakuna aliyecheka.

Kule kwenye maegesho nililia. Akaniambia, "Wacha kulia kwa baridi, macho itaganda. Watanipa barua ya onyo, iishe." Nikasema nitakwenda kwa Denise. Akafikiri kidogo. "Ukitaka kusema, sema. Mimi siwezi kukuambia useme, na siwezi kukuambia usiseme. Hiyo ni yako." Mchana ule mlango wa Denise ulikuwa wazi. Nilipita mbele yake kwenda kuchota maji mara tatu, na sikuwa na kiu. Nikasema kesho. Kesho yake, Ijumaa, saa nne, wateja wetu walikuwa wameshadai mtu aondoke, na Wafula alitoka na sanduku la katoni, ndani kuna kikombe, kalenda na bakuli lake la ugali. Alipopita mezani kwangu alisema, "Haya, dada wa Tanga," kama anayekwenda kula. Nilikaa kazini mpaka saa ya kutoka. Nilikula samaki wangu peke yangu.

Waliondoka masika. Nilikwenda Woodbridge kuwasaidia kufunga, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri, na kwenda nako kulinichoma. Nyumba imejaa mwangwi, Naliaka yuko chumbani hataki kutoka. Barua ya chuo ilikuwa bado imebandikwa kwenye friji. Mama Naliaka alinipakulia kuku akasema, "Kula kwanza," nikala kile chakula kama mtu anayekula chake. Kisha akanipa koti lake zito la baridi. "Huko naenda nitalifanyia nini? Chukua." Wafula alinisindikiza hadi kwenye gari na kuniandikia nambari ya simu nyuma ya risiti, laini ya Kenya aliyoinunua alipokwenda kumzika baba yake. "Hiyo sibadilishi. Upige." Nikasema nitapiga, ndiyo kaka, nikifika tu nitapiga. Sikupiga wiki ile kwa aibu, wala mwezi ule, na mwaka ulipopita nikaona sasa nitaanzia wapi. Aibu ina tabia mbaya: ukiilaza, inaamka imenenepa. Nambari niliihamisha kutoka simu hadi simu, kila nilipobadilisha. Koti liko kabatini, na sijawahi kulivaa hata siku moja.

Kampuni imenunuliwa mara mbili tangu hapo, na mimi ndiye mkubwa wa kile kitengo. Methodi ya taarifa niliifunga masika yale yale, na ndani yake nikaweka kamethodi kadogo tupu, vile vile alivyosema. Vijana ninaowasimamia wananiita mwanamke wa makufuli. Wanakuja na hoja zile zile, wana maneno yale yale niliyokuwa nayo mimi: uhuru, watu wazima, imani. Nawasikiliza, halafu nawaambia hapana. Wao wanadhani ni uzee. Na lile onyo bado lipo, miaka yote hii, kwa sababu hakuna anayethubutu kufuta maneno asiyoyaelewa. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Hii si lugha yenu? Inasema nini?" Nikamwambia sijui. Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula.

Basi Jumamosi nilikwenda. Naliaka alirudi huku ukubwani, akasomea uuguzi, na sasa ana nyumba kwenye ghorofa ya nne karibu na stesheni ya treni. Mlangoni viatu vimejaa, ndani watu kama ishirini, Wabukusu wengi na majirani, chapati, kuku, chai ya maziwa kwenye birika kubwa. Simu ya Naliaka ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani yake yuko Mama Naliaka, Bungoma, kwao usiku, kitenge kichwani, watu wakipita nyuma yake. Walisali, wakaimba, mmoja mmoja akasema alivyomjua marehemu. Naliaka akanishika bega, akawaambia watu kwa Kiingereza, huyu ni anti Rukia, alifanya kazi na baba.

Nilikuwa nimepanga kusema alikuwa mtu mpole. Nikasimama, nikamtazama yule mama kwenye kopo la sukari, nikasema, "Yale maneno yaliyomfukuzisha kazi niliyaandika mimi. Marehemu alisema ni yake, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alinipa nafasi ya kusema. Sikusema. Kesho yake nikapata nafasi nyingine, sikusema. Mliondoka kwa ajili yangu." Nikaishia hapo.

Naliaka ndiye aliyeanza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinijibu kwa Kiswahili, kilichovunjika kidogo. "Nilikuwa mezani, anti. Siku ya mandazi. Niliskia ukimwambia." Sikuweza kumtazama. Nilitamani anitukane.

"Rukia," Mama Naliaka akaita kutoka kwenye simu. "Hebu sogea, sikuoni." Nikasogea. Akanikagua. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

"Mimi nilikukasirikia. Nisikudanganye. Nilikukasirikia sana. Yeye hapana. Vijana wa hapa nyumbani walimnunulia laini mpya mara ngapi, akakataa. Alikuwa anasema, huyu dada wa Tanga atapiga, na akipata nambari imekufa atafikiri nimekataa kuongea na yeye." Akafuta uso na pembe ya kitenge. "Hakuwa anangoja pole yako. Ungepiga tu, hata kama ni ya kumgombeza."

Niliwapita watu nikatoka hadi koridoni, nikiwa na soksi tu. Nikaitafuta ile nambari, ilikuwa bado imeandikwa kaka Wafula, nikabonyeza. Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi, na kutoka kwenye kopo la sukari, kutoka Bungoma, nikasikia simu ya marehemu ikilia, na Mama Naliaka akiwaambia watu wa nyumbani kwake, "Nyamazeni kidogo. Ni Rukia anapiga."